Mambo Yasiyomalizika Nyumbani

Mlango wenyewe uko baina ya kliniki ya wajawazito na chumba cha kuchanjia watoto, na aliyeuchagua alijua anachokifanya. Mama akiingia hapo na mwanawe, anafanana na kina mama wote waliokuja kupima uzito na kuchoma sindano. Hakuna anayegeuka kumtazama. Maandishi ya Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachopokea waliodhalilishwa, yapo, lakini ni madogo, mpaka usogee ndipo uyasome.

Sitaitaja hospitali. Unguja ni kisiwa. Ukitaja hospitali, ukataja na mwezi, ukaongeza na umri, umeshamtaja mtoto, na kabla ya Isha habari imefika barazani kwao. Kwa hiyo hata mikasa niliyoruhusiwa kuisikia nimeibadili hapa na pale, nikabakisha yale tu yanayoonesha kazi inavyofanyika. Itoshe kusema ni shamba, upande wa kaskazini, mahali ambapo gari za abiria hupungua baada ya Alasiri na kina mama wengi wanaendesha maisha yao kwa mwani.

Kituo cha kwanza cha aina hii Zanzibar kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, mwaka uleule ilipopitishwa Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011. Kabla ya hapo, mtoto aliyedhalilishwa alianzia kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, akaipeleka hospitali, akapanga foleni na wagonjwa wa malaria, akarudishwa polisi na fomu iliyojazwa, kisha akaitwa ustawi wa jamii siku nyingine. Kila dirisha aliulizwa kilichompata, na kila alipojibu palikuwa na watu nyuma yake. Sasa askari, daktari, nesi, mshauri nasaha na afisa ustawi wanamfuata mtoto alipo, chini ya paa moja, wala halipi kitu. Kwa aliyewahi kumsindikiza mtoto katika njia ile ya zamani, hili ni jambo kubwa mno.

Nesi anayesimamia kituo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinifungulia kabati kabla hata sijauliza kitu. Rafu ya juu ina dawa. Ya kati ina mifuko ya khaki, imepangwa kwa ukubwa. Nguo za mtoto zinaingia humo zikiwa kavu, kila kipande na mfuko wake. Haziwekwi kwenye plastiki, kwa sababu plastiki inafungia unyevu, nguo inaota ukungu, na ushahidi unaharibika kabla haujafika maabara. Rafu ya chini imejaa nguo za watoto: magauni, suruali za skuli, mitandio, fulana zenye picha za katuni. Zote ni mitumba, zimefuliwa na kupigwa pasi.

“Nguo aliyokuja nayo mtoto inabaki kwetu,” aliniambia. “Sasa kwao atarudi na nini?”

Mwanzoni walikuwa wakimfunga kanga. Kisha yeye mwenyewe akaanza kununua mitumba mjini, kila mshahara ukitoka vipande viwili vitatu. Nilishika gauni moja la buluu lenye vifungo vya lulu bandia mgongoni. Kifungo kimoja kilikuwa kimebadilishwa, kimeshonwa kwa uzi wa rangi ileile. Nguo hizi zilistahili kuwa na fungu lake katika bajeti kama zilivyo glavu na sindano, na nesi asiachiwe kuzitoa mfukoni mwake.

Hesabu inayotawala chumba hiki ni saa 72. Dawa za kumkinga mtu na maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya muda huo, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Zikishaanzwa hunywewa siku 28. Lakini jambo la kwanza analofanya mama akigundua kilichompata mwanawe ni kumkosha. Anamkosha, anafua nguo zote, anamvalisha safi, analia naye, kisha anasubiri mume arudi baharini ili aamue yeye. Siku mbili zimekwenda. Nesi hamkaripii mama huyo hata kwa macho. Anamwambia amefanya vizuri kumleta, na kuanzia neno hilo mama anaanza kusema. Nilimwuliza kama haumii kuona ushahidi umeoshwa. Akasema anaumia, lakini mama akishakaripiwa mara moja harudi tena, na mtoto wa jirani yake naye hataletwa.

Chumba cha mazungumzo nilioneshwa kikiwa kitupu. Mtoto akiwa ndani sikuomba kuingia, na nisingekubali hata kama ningeitwa. Kina mkeka, mto mmoja, karatasi, kalamu za rangi na dirisha lililowekwa pazia zito. Viti vimesukumwa pembeni. Askari wa dawati la jinsia na watoto, msichana wa kama miaka 30 aliyevaa baibui badala ya sare, ndiye aliyenieleza utaratibu. Anayeuliza ni mmoja. Wengine wanasikiliza na kuandika. Anayeuliza anakaa chini mkekani, kwa sababu mtoto akimwona mtu mzima kitini anahisi yuko mbele ya mwalimu na ataanza kutafuta jibu la kumridhisha.

“Hatumuulizi, ‘Ni ami yako?’” alisema. “Tunamuuliza, ‘Kisha ikawaje?’ Basi. Akinyamaza, tunanyamaza naye.”

Subira hiyo ina faida mbili. Mtoto anasema kwa maneno yake, na mahakamani wakili wa mshitakiwa hapati pa kusimama kudai kwamba mtoto alitiwa maneno kinywani. Swali moja la pupa linaweza kuivunja kesi ambayo mwenye makosa yake anajulikana mtaa mzima.

Niliuliza kuhusu watoto wa kiume. Askari na nesi walitazamana. Wanafika, walisema, lakini kwa njia za mzunguko: tumbo linauma, hataki kukaa, hataki tena kwenda chuo cha Qur'ani, ameanza kukojoa kitandani naye mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulipowauliza vijana wa Zanzibar, karibu asilimia 6 ya wasichana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ilikuwa karibu asilimia 9. Wavulana walikuwa wengi zaidi. Hata hivyo ukitazama taarifa ambazo Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inazitoa kila mwezi za matukio yaliyofikishwa mbele ya vyombo vya sheria, waathirika wengi ni watoto, na wengi wao ni wa kike. Kwa hiyo kuna wavulana wengi ambao hawajawahi kuuona mlango huu. Tumewalea kuamini kwamba mwanamume hafanyiwi hayo, na akifanyiwa ajifiche nayo. Naandika hili makusudi, kwa kuwa katika mikutano ya hadhara ninayohudhuria mabango yote yana picha ya msichana.

*

Wengi wanadhani afisa ustawi kazi yake ni kunyang'anya watoto. Nilipomfuata kwenye ziara za nyumbani, nyuma ya vespa ambayo mafuta yake siku ile alijaza kwa pesa zake, niliona kazi nyingine kabisa.

Mwalimu wa skuli ya msingi alikuwa ametoa taarifa ya mtoto wa darasa la tatu anayelala darasani kila siku na mwenye kidonda mguuni kisichofungwa. Tulibisha hodi kwenye nyumba ya mawe na udongo, mabati juu, jiko la nje. Mama hakuwepo. Alitukaribisha msichana wa miaka 12, mdogo wake yuko kiunoni. Afisa hakutoa karatasi wala kalamu. Alikaa kwenye jamvi akaomba maji ya kunywa.

Baadaye njiani ndipo aliponieleza. Akiletewa maji anaona mengi bila kuuliza: yametoka kwenye ndoo iliyofunikwa au iliyo wazi, kikombe kimesuuzwa au la, aliyetumwa ameyafikia bila kuhangaika au imebidi akaazime kwa jirani. Kisha alimwomba yule wa darasa la tatu amwoneshe daftari lake. Mtoto akaenda kulichukua chumbani, na afisa akamfuata huku akimsifia, hivyo akaona kitanda kimoja, chandarua kilichochanika na chumba kisicho na mlango. Swali lake la mwisho lilikuwa jepesi kabisa: “Usiku nani analala na nani?” Msichana alijibu bila wasiwasi. Afisa alitulia, mimi nilikuwa nimeshika pumzi.

Mama alirudi maji yalipojaa, miguu imekauka chumvi. Habari yake ni ya nyumba nyingi za ukanda ule. Ameachwa, watoto wanne wamebaki kwake, mtalaka wake yuko mjini na mke mwingine na haleti hata kibaba cha mchele. Mwani hauchagui saa. Maji yakitoka alfajiri, mama yuko pwani alfajiri, na siku za bamvua ndizo za kazi kubwa zaidi. Wadogo wanabaki na yule wa miaka 12, naye skuli anakwenda siku ambazo maji yanatoka mchana na mama yuko nyumbani asubuhi. Kidonda alikuwa akikiosha kwa maji ya chumvi kwa kuwa hakuwa na nauli ya kwenda hospitali.

Mtu mwingine angeandika kwenye faili kwamba mama ni mzembe, saini, muhuri, basi. Afisa huyu aliandika kwamba kuna utelekezaji, na aliyetelekeza ni baba. Umaskini wa mama si kosa la ulezi, na anayeuadhibu kama kosa anamwongezea mtoto dhiki. Siku ileile kidonda kilifungwa. Mratibu wa wanawake na watoto wa shehia, yule mtu wa kujitolea ambaye wengi hatujui hata kama yupo, alikwenda kuzungumza na wenzake wa mwani ili zamu za pwani zipangwe na mmoja wao abaki na watoto. Baba aliitwa ofisini, akatia saini ahadi ya huduma ya kila mwezi mbele ya sheha, kiongozi wa shehia. Akiivunja, shauri linakwenda mahakamani. Afisa atarudi kila wiki mwezi wa kwanza. Atakunywa maji yale tena.

Kumtoa mtoto kwao ni hatua ya mwisho, inapoonekana kwamba kulala pale usiku mmoja zaidi ni hatari. Hapo anatafutiwa kwanza ndugu anayeaminika, na akikosekana, familia iliyochunguzwa na ustawi. Sheria ya 2011 inaitambua pia kafala, ambayo inampa mtoto nyumba bila kumvua nasaba yake, na kwa Wazanzibari hili lina uzito wake. Nyumba ya Watoto ya Mazizini inabaki kwa wale ambao milango yote hiyo imefungwa kwao.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo sikubaliani nalo, na nililisema palepale. Mara nyingi anayehamishwa ni mtoto. Mtoto anapelekwa kwa shangazi wilaya nyingine, anaacha skuli yake, marafiki zake na chuo chake, wakati aliyemdhuru anaendelea kula chakula cha moto palepale nyumbani. Mtoto akiona hivyo anaelewa kwamba yeye ndiye mwenye makosa, na nasaha za wiki nzima haziwezi kumtoa wazo hilo. Afisa hakunipinga. Alisema kumwondoa mtu mzima kunahitaji ukoo ukubali au askari wafike haraka, na mara nyingi anavikosa vyote viwili.

*

Zanzibar ina shehia 388, na katika kila moja kuna sheha. Ipo namba 116 ambayo mtoto au jirani anaweza kupiga bure. Mahakama ya Watoto ilifunguliwa Vuga mwaka 2013, na mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalumu kwa kesi za udhalilishaji ili zisizame katika msongamano wa kesi nyingine. Vyombo tunavyo, na vimejengwa kwa jasho la watu wengi. Kesi zinapokufa hufia ukumbini kwa babu, wazee wakiwa wamekaa, kahawa imeletwa, na mzungumzaji mmoja mwenye heshima zake anaanza kwa kusema kwamba sisi ni watu wa damu moja.

Muhali ndio unaotumaliza. Mbakaji ni mjomba, au jirani aliyezika nasi, au mwalimu aliyetufundishia watoto wote bure. Nani ataamka asimame kizimbani amnyooshee kidole? Basi shahidi anaugua siku ya kesi. Mama anasema hakumbuki vizuri. Familia inasafiri. Hakimu anaahirisha mara ya kwanza na ya pili, na kila ahirisho linamgharimu mama siku ya mwani na nauli ya watu watatu kwenda na kurudi. Wapo pia wanaopewa fedha. Lakini kwa niliyoyasikia, wengi zaidi wanachoshwa tu, wakakata tamaa wakiwa na haki yao mkononi.

Ziara ya mwisho niliyofuatana na afisa ilikuwa kwa bibi mmoja anayemlea mjukuu wake wa kike. Mratibu wa shehia alikuja kwa miguu, akatukuta tumeshafika. Kesi ilikuwa imepangwa Jumatatu. Mtoto alikuwa skuli. Afisa na mratibu walichagua saa hiyo makusudi. Aliyekuwepo ni kaka yake bibi, mzee wa kanzu safi na kofia ya kiua, ambaye alikuwa amesafiri kutoka mjini kwa ajili ya siku ile, naye hakuficha lililomleta.

“Mimi nasema tufunike kombe mwanaharamu apite,” alisema. “Kijana ameshakiri kosa kwetu sisi wazee. Ataondoka, ataenda zake Tanga huko. Mtoto huyu ataolewa kesho, mnataka jina lake lisomwe mahakamani?”

Afisa alimwamkia upya, kwa adabu, kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Kisha akamwambia kwamba kesi ile si ya Bibi wala si yake yeye, iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na hata Bibi akitaka kuifuta hana karatasi ya kuifutia. Jina la mtoto halisomwi mbele za watu; mtoto anasikilizwa faraghani. Na huko Tanga kijana anakopelekwa, mzee wangu, kuna watoto pia.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema ukoo utavunjika.

“Ukoo umeshavunjika, Baba,” mratibu alisema. Yeye ni mtu wa mtaa uleule, na nadhani ndiyo maana maneno yake yalisikika zaidi kuliko ya afisa. “Umevunjika siku ile. Sisi sote hapa tulijua, tukawa tunapita na kusalimiana.”

Bibi alikuwa akichambua mchele muda wote huo. Hakumtazama kaka yake. Sikuweza kujua yuko upande gani mpaka alipouliza, bila kuinua kichwa, ni nani atakaa na kuku na yule mdogo siku ya Jumatatu, maana safari ya mahakamani hairudi mapema.

Mratibu alisema binti yake atashinda pale tangu asubuhi. Bibi akauliza mtoto atavaa nini, kwani sare si vizuri, watamjua anasoma wapi. Afisa akasema ataleta gauni, analo jipya. Bibi akauliza kuhusu nauli. Mratibu akafungua kifundo cha kanga, akahesabu, akasema ipo ya watu watatu kwenda, na ya kurudi wataitafuta hukohuko. Yeye mwenyewe atakuwa kituoni saa 12:00 asubuhi, gari ya mwanzo, wasimwache.

“Saa 11:30,” Bibi alisema. “Ile ya saa 12:00 hujaa.”